Baiskeli Msituni: Somo Katika Njia Isiyo na Magari

Utangulizi

Mwalimu anapofikiria ziara ya masomo, mara nyingi huona akilini mwake basi, jumba la makumbusho na foleni ya watoto wenye madaftari mikononi. Watoto hupelekwa, huonyeshwa, hunakili maandishi ya kibao, kisha hurudishwa shuleni. Ziara ya namna hiyo ina faida yake, lakini mtoto hubaki abiria tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanaeleza ziara ya namna nyingine, ambayo mtoto huiendesha kwa miguu yake mwenyewe: safari ya baiskeli katika njia za msituni zisizopitiwa na magari. Mfano tutakaoutumia ni Msitu wa Karura, jijini Nairobi, kwa sababu ndiko ninakowapeleka wanachuo wangu, na ndiko nilikofanya kosa lililonifunza mengi kuliko safari zilizofaulu.

Baada ya kuyasoma makala haya, mwanachuo anatazamiwa aweze:

(a) kueleza kwa nini njia isiyo na magari ni mahali pafaapo kufundishia;
(b) kutayarisha safari fupi ya baiskeli kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi;
(c) kuiunganisha safari hiyo na masomo ya hisabati, jiografia na uraia;
(d) kumsaidia mwanafunzi asiyejua kuendesha baiskeli pasipo kumwaibisha.

Mahali Penyewe

Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini wa jiji, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na eneo lake ni zaidi kidogo ya hekta 1,000. Sehemu yake ni msitu wa asili, na sehemu nyingine ni mikaratusi na miti mingine iliyopandwa. Mito hupita humo, na mna maporomoko ya maji, pamoja na mapango ambayo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha katika miaka ya 1950. Kima na mbega huonekana juu ya miti, na mwenye bahati na ukimya humwona paa au pongo akivuka njia.

Njia za msituni zina jumla ya zaidi ya kilomita 50. Nyingi ni za udongo mwekundu, baadhi pana na nyingine nyembamba, na vipo vijia vilivyotengwa kwa waendao kwa miguu peke yao. Magari ya wageni huachwa kwenye maegesho. Ndani ya msitu ni nadra kukutana na gari lolote, isipokuwa la wahifadhi walio kazini. Baiskeli hukodishwa, hivyo shule isiyo na baiskeli hata moja yaweza kufanya somo hili. Zaidi ya hayo, kwenye makutano ya njia kumesimikwa vibao vyenye nambari. Kwa mtembezi wa kawaida nambari hizo ni msaada mdogo tu, lakini kwa mwalimu ni hazina, kwa maana zimeugeuza msitu mzima kuwa ramani ambayo mtoto aweza kuisoma huku akiikanyaga.

Tulinganishe na hali ilivyo nje ya lango. Barabara zinazopakana na msitu zina matatu, malori na pikipiki tangu alfajiri hadi usiku, na mwendesha baiskeli hujibana ukingoni. Mzazi anayemkataza mtoto wake kuendesha baiskeli katika barabara hizo hawezi kulaumiwa. Katika vijiji vingi mtoto hujifunza mapema kwa baiskeli ya baba, akipitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa kiti hakifikii. Mtoto wa mjini hana baiskeli ya kuazima wala njia ya kuijaribia. Matokeo yake ni kwamba watu wengi hufika utu uzima bila kujua kuendesha baiskeli, na wengi wao huona haya kusema hivyo. Jambo hili mimi sikulitia maanani, nalo ndilo lililoniponza.

Kosa la Mkufunzi

Safari yangu ya kwanza niliifanya pamoja na wanachuo 16. Siku iliyotangulia nilichora ramani ubaoni kwa chaki za rangi, nikaeleza alama zake, nikauliza maswali, nikajibiwa vizuri. Niliridhika. Kesho yake langoni niliwagawa katika makundi manne, nikamwambia kila mmoja achukue baiskeli, nikatoa karatasi za maswali, nikaagiza kwamba sote tukutane saa tano na nusu kwenye makutano niliyoyataja.

Makundi matatu yalifika. La nne halikuonekana. Saa sita ikapita, wingu likatanda, mvua ikaanza kunyesha, na ule udongo mwekundu ukawa utelezi mtupu. Niliwapigia simu bila kuwapata. Nikawaacha wengine chini ya kibanda, nikarudi kuwatafuta. Niliwakuta mbali sana na mahali nilipodhani wangekuwa. Watatu walikuwa wakisukuma baiskeli zao ili wasimwache mwenzao wa nne. Huyo wa nne, msichana mwenye bidii kuliko wengi darasani, alikuwa amelowa, ana matope hadi kifuani, na goti lake limechubuka. Hakuwa amepanda baiskeli maishani mwake.

Kwa sababu ya hofu niliyokuwa nayo, nilimwuliza kwa ukali mbona hakusema mapema. Alijibu kwa adabu, macho chini: "Mwalimu, hukutuuliza. Ulisema tu kila mmoja achukue baiskeli."

Sikuwa na la kumjibu. Tuna methali isemayo kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi walimu hupenda kuwaambia wanafunzi. Siku ile ilikuwa yangu. Ubaoni nilikuwa nimepima kama wanachuo wameelewa ramani. Sikupima kama wanaweza kufanya tendo ambalo ramani ile ilitaka wafanye.

Nilipotulia nilitambua jambo la pili. Lau msichana yule angelianguka nje ya lango, kilomita chache tu kutoka pale, tusingelikuwa tunazungumza juu ya goti lililochubuka. Msituni alianguka mara nne au tano, akainuka kila mara, akaendelea. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya njia isiyo na magari kwa mwalimu. Hewa safi na ndege ni nyongeza njema, lakini faida ya kwanza ni kwamba njia hiyo humruhusu mwanafunzi akosee na bado arudi nyumbani. Mahali ambapo kosa la kwanza huadhibiwa kwa mauti hapafai kujifunzia. Vivyo hivyo darasa ambamo kosa la kwanza hupokewa kwa kicheko au kwa fimbo halitoi nafasi ya kujifunza, hata likiwa na kuta nzuri na zana nyingi.

Matayarisho

1. Mwalimu aitangulie njia. Pita mwenyewe katika njia yote, kwa baiskeli, siku chache kabla ya safari. Andika nambari za makutano kwa mfuatano wake, mahali penye mteremko mkali, penye mizizi, na penye kivuli cha kupumzikia. Wasiopita njia kwanza hupanga safari ndefu mno. Kwa watoto wa Gredi ya 5, mzunguko wa kilomita tatu au nne unatosha kwa asubuhi nzima, kwa maana watasimama mara nyingi.

2. Pata idhini. Barua ya mwalimu mkuu, ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, na taarifa kwa wasimamizi wa msitu ni lazima. Waulize wasimamizi njia zipi zinaruhusiwa baiskeli siku hiyo. Mvua huweza kuharibu njia iliyokuwa nzuri juma lililopita.

3. Uliza swali nililosahau mimi. Usiulize mbele ya darasa, "Nani hajui kuendesha baiskeli?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa uongo. Mpe kila mtoto kipande cha karatasi achague moja kati ya sentensi tatu: Naendesha vizuri, Naendesha kidogo, Sijawahi. Karatasi zikunjwe na kukusanywa. Utashangaa jinsi wengi wanavyosema kweli wakipewa nafasi ya kusema bila kuchekwa.

4. Kagua baiskeli. Breki zote mbili, upepo wa magurudumu, mnyororo, usukani na urefu wa kiti. Kila mtoto avae kofia ngumu ya kichwani. Waalike watoto wafanye ukaguzi huu wenyewe, wakiwa wawili wawili. Hilo nalo ni somo.

Wasiojua Waanze Vipi

Tenga saa ya kwanza kwa ajili ya wale walioandika "Sijawahi". Wakati huo wenzao watembee na mwalimu wa pili wakitambua miti, ili pasiwe na watazamaji.

Wengi wetu tulifundishwa kwa mtu mzima kushika kiti na kukimbia nyuma yetu. Njia hiyo humfunza mtoto kuutegemea mkono wa mwingine. Ugumu wa baiskeli ni wa namna mbili: kujisawazisha na kukanyaga. Anayeanza akipewa yote mawili kwa pamoja hushindwa na yote mawili. Mwalimu mwema huugawanya ugumu huo. Fanya hivi:

(i) Teremsha kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini barabara.
(ii) Ondoa pedali kwa spana, kama mwenye baiskeli ameruhusu. Kumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na ile ya kulia. Kama hakuruhusu, kiti kilichoteremshwa kitafaa.
(iii) Fundisha breki kwanza, baiskeli ikiwa imesimama, kisha ikisukumwa kwa mkono.
(iv) Mtoto aketi na kutembeza baiskeli kwa miguu yake mahali tambarare, kisha penye mteremko mdogo sana. Mwambie atazame mbele, asitazame gurudumu.
(v) Ainue miguu na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Hesabu ikifika kumi bila mguu kugusa chini, amekwisha kujua kujisawazisha. Baiskeli ikiinamia kushoto, ageuze usukani kidogo kushoto; ikiinamia kulia, ageuze kulia.
(vi) Rudisha pedali.

Wengine huweza katika saa moja, wengine huhitaji siku mbili au tatu. Asiyeweza siku hiyo apewe kazi ya heshima katika kundi, kama vile kutunza saa au kuandika vipimo, akitembea na wenzake. Asiachwe langoni kulinda mikoba.

Masomo Yaliyomo Njiani

Hisabati. Gurudumu la inchi 26 lina kipenyo cha sentimita 66 hivi. Tukizidisha kwa 3.14 tunapata mzingo wa sentimita 207, yaani mita 2.07. Basi gurudumu hilo huzunguka mara 483 hivi katika kilomita moja. Lakini usianze na kanuni. Watoto watie alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, waisukume baiskeli mpaka alama irudi chini, wapime kwa utepe. Kisha mmoja aketi juu ya baiskeli, wenzake wamshike, na kipimo kirudiwe. Watapata urefu pungufu kidogo, kwa sababu tairi hubonyea kwa uzito. Mtoto ataeleza mwenyewe kwa nini jibu la ubaoni na jibu la ardhini hayakulingana, na hapo atakuwa amejifunza kwamba tofauti ya vipimo si lazima iwe uzembe wa mtu.

Sasa wafunge kitambaa chekundu kwenye spoki moja. Mmoja aisukume baiskeli kutoka makutano hadi makutano, mwingine ahesabu mizunguko, wa tatu aandike kila mia inapotimia. Ikiwa wamehesabu mizunguko 966, umbali ni kilomita mbili. Kundi moja liruhusiwe kuhesabu mikanyago ya pedali badala ya mizunguko ya gurudumu. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 32 na la nyuma meno 16, kila mkanyago mmoja kamili huzungusha gurudumu mara mbili. Kundi hilo litapata umbali mfupi kuliko ulio wa kweli. Usiwaambie kwa nini. Waache wabishane mpaka mmoja akumbuke kwamba mteremkoni waliacha kukanyaga, na baiskeli ikaendelea kwenda.

Jiografia. Njia zinazoshuka kwenye mabonde ya mito hufundisha umbo la nchi kuliko picha yoyote. Chagua kipande cha njia kati ya makutano mawili, kimoja juu, kingine karibu na mto. Watoto washuke na kupanda, wakiandika dakika. Umbali ni ule ule; muda si ule ule. Wakirudi darasani wachore ramani mbili za safari, moja ikionyesha umbali, nyingine ikionyesha muda. Watakapofika kwenye kontua katika madarasa ya mbele, mistari iliyosongamana itawakumbusha mahali walipohema.

Uraia na historia. Mahali pa kupumzika, waulize watoto: "Njia hii ni ya nani?" Wengine watasema ya serikali, wengine ya waliolipa langoni. Sikiliza kwanza. Kisha waeleze kwamba katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huu ziligawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi, na wananchi wakapinga. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alikwenda na wenzake, wakiwemo baadhi ya wabunge, kupanda miti langoni. Walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana wiki zilizofuata. Msitu ulisalimika. Mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na alifariki mwaka 2011. Katika miaka iliyofuata 2009 majirani wa msitu na shirika la serikali la huduma za misitu walishirikiana kuweka ua na kuimarisha ulinzi, kwani hapo awali watu wengi waliuogopa msitu huo kwa sababu ya wahalifu.

Mtoto aliyekwisha kuhesabu mizunguko ya gurudumu chini ya miti hiyo haambiwi habari za mbali. Anajua kwamba kama mambo yangelikwenda vingine, pale alipojifunza kujisawazisha pangelikuwa na ukuta na geti la chuma.

Nidhamu ya Msafara

Kanuni ziwe chache, zikaririwe na kila mtoto kabla ya kuondoka.

Kwanza, pawe na kiongozi wa mbele na mtu wa mwisho, wote wawili watu wazima. Hakuna ampitaye wa mbele, wala abakiye nyuma ya yule wa mwisho. Pili, kila makutano ni kituo: wote wasimame, wahesabiwe, nambari ya kibao isemwe kwa sauti, ndipo waondoke. Lau ningelifuata kanuni hii peke yake, kundi langu la nne lisingelipotea. Tatu, tunashika kushoto, tunapiga kengele mapema, na mtembea kwa miguu ana haki ya kwanza. Nne, hatulishi kima wala hatufukuzi mnyama. Tano, anayepatwa na shida abaki kwenye njia na kutaja nambari ya makutano aliyoyapita mwisho. Mvua ikianza, msafara urudi. Hakuna somo lililo bora kuliko breki zinazoshika.

Chukua maji ya kutosha, kisanduku cha huduma ya kwanza, pampu na viraka vya mpira wa ndani.

Kwa Walio Mbali na Karura

Wengi wenu mtafundisha mahali pasipo na msitu wa namna hii. Chagueni mahali kwa kipimo kimoja tu: je, mtoto akianguka hapa, atainuka? Uwanja wa shule wafaa. Njia za ndani ya shamba la chai au kahawa zafaa, kwa idhini ya mwenyewe. Msiseme kwamba kila mahali panaporuhusiwa baiskeli panafaa kwa wanaoanza. Katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, kwa mfano, wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama, na ni safari ya kupendeza. Lakini magari ya watalii nayo hutumia njia hizo, kwa hiyo huko wapelekwe waliokwisha kuwa hodari.

Hitimisho

Msichana niliyemsimulia alijifunza kuendesha baiskeli katika safari iliyofuata, kwa hatua zile sita, na yeye ndiye aliyenishauri kutumia vipande vya karatasi. Nilipokwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha, alikuwa akianza somo la kugawanya sehemu. Kabla ya kuandika lolote ubaoni aliwagawia watoto karatasi ndogo, akawataka waandike bila majina kile wasichokielewa katika somo la jana. Alizisoma zote kimya, akaliweka kando andalio lake la somo, akaanza upya mahali watoto walipokuwa. Katika ripoti yangu niliandika kwamba hakumaliza kazi aliyoipanga, na kwamba alifanya vyema kutoimaliza.

Maswali na Mazoezi

1. Chagua mahali pasipo na magari karibu na shule utakayofanyia mazoezi. Eleza hatari zilizopo na jinsi utakavyozipunguza.
2. Tayarisha andalio la somo la dakika 70 kuhusu mzingo wa duara kwa kutumia baiskeli moja tu na wanafunzi 40.
3. Mwanafunzi wako amekataa kupanda baiskeli na hasemi sababu. Andika maneno hasa utakayomwambia, na mahali utakapomwambia.
4. Taja somo moja ulilofundisha ambalo ulidhani wanafunzi wanajua jambo fulani, kumbe hawajui. Ungeuliza swali gani kabla ya kuanza?